Duka Limeuzwa, Deni la Serikali Je?

Watu wetu wanapouziana biashara ndogo huko Marekani, iwe ni duka la vyakula vya Kiafrika, saluni ya kusuka au kampuni ya malori mawili, kuna sentensi ambayo haikosi: "Nipe arobaini elfu mkononi, na ule mkopo wa korona utaendelea nao wewe." Muuzaji anashusha pumzi, anaona ameutua mzigo. Mnunuzi naye anaona ameokota dodo, maana mkopo wa riba ya asilimia 3.75 kwa miaka 30 hauombeki tena benki yoyote. Wanaandikiana karatasi, mashahidi wawili wanatia saini, funguo zinakabidhiwa. Kuanzia mwezi unaofuata mnunuzi anamtumia mwenzake dola 731 kwa simu, naye anazilipa serikalini.

Kwa serikali, hakuna kilichouzwa. Mdaiwa ni yule yule aliyetia saini mwaka 2020, na majokofu, mizani, rafu na bidhaa alizoweka rehani bado ni rehani, hata kama sasa zimo mikononi mwa mtu mwingine. Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote. Biashara inapouzwa, deni hubaki kwa aliyetia saini, lakini rehani huifuata mali. Kwa hiyo muuzaji anaweza kudaiwa kwa duka ambalo si lake tena, na mnunuzi anaweza kunyang'anywa vifaa kwa ajili ya mkopo ambao hakuukopa. Wote wawili wamekwama, na karatasi ile ya mashahidi wawili haimfungi mdai ambaye hakuwepo kikaoni.

Mkopo wenyewe

SBA ni shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia biashara ndogo, na limekuwa likitoa mikopo ya maafa tangu lilipoundwa mwaka 1953. Hutolewa baada ya vimbunga, mafuriko na moto wa misitu. Waliokuwa Houston wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017 wanaijua vizuri. Lakini unaosumbua zaidi leo ni ule wa korona, uitwao EIDL. Mwaka 2020 kiwango cha juu kwa wengi kilikuwa dola 150,000. Mwaka 2021 kikapandishwa hadi 500,000, kisha hadi milioni 2, na maombi mapya yakafungwa mwisho wa mwaka huo. Mlango umefungwa, ndiyo maana mtu anayenunua biashara leo huutamani mkopo wa mwenzake.

Bado wapo wanaouchanganya na PPP, ule wa kulipia mishahara, ambao mtu akiutumia alivyoagizwa alisamehewa. EIDL ni deni la kulipwa. Kilichotolewa bure ni ile ruzuku ndogo ya awali tu.

Ukitaka kujua uzito wa mkopo ulionao, tazama kiasi chake. Ukizidi dola 25,000, serikali ilichukua rehani ya mali ya biashara: vifaa, bidhaa, fedha zinazodaiwa wateja, na hata mali ambayo biashara itaipata baadaye. Ukizidi dola 200,000, kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara alitia saini dhamana binafsi, maana yake biashara ikishindwa, anadaiwa yeye. Ukizidi 500,000, majengo na ardhi ya biashara navyo viliingizwa.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Mtu akisikia kwamba chini ya dola 200,000 hakuna dhamana binafsi, anapumua. Hilo ni kweli kwa mwenye kampuni iliyosajiliwa, kama LLC. Lakini kama uliomba kwa jina lako mwenyewe, kama walivyofanya madereva wengi wa teksi na wasusi wa nyumbani, basi mkopaji ni wewe, na dhamana binafsi haikuhitajika kwa sababu tayari ulikuwa unadaiwa wewe. Fungua mkataba utazame jina lililoandikwa kwenye nafasi ya mkopaji. Maelezo mengine yote katika makala haya yanategemea jina hilo.

Hesabu inayowashangaza wauzaji

Wauzaji wengi hupanga bei wakiamini deni limeshapungua. Tufanye hesabu pamoja kwa mkopo wa dola 150,000 uliochukuliwa Julai 2020.

Riba ya asilimia 3.75 juu ya dola 150,000 ni dola 5,625 kwa mwaka, karibu dola 15.41 kila siku iendayo kwa Mungu. Mikopo ya korona ilipewa nafasi ya miezi 30 kabla ya malipo kuanza. Watu waliifurahia, lakini riba haikulala. Kwa miezi hiyo 30 ilifika dola 14,062. Malipo yalipoanza Januari 2023, dola 731 za kila mwezi zilianza kwa kulipa riba: dola 469 za riba ya mwezi huo, na 262 zilizobaki zikaenda kupunguza ule mlima wa riba ya nyuma. Mtaji haukuguswa.

Chukua mtu ambaye hakukosa hata mwezi mmoja kwa miaka mitatu. Mwisho wa 2025 ameshalipa dola 26,316. Anadaiwa kiasi gani? Takriban dola 154,600. Ndiyo, zaidi ya alichokopa. Atafika katikati ya mwaka 2027 ndipo dola ya kwanza ianze kupunguza zile 150,000. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu kwamba kila alicholipa kimepunguza deni, hesabu hii inauma, lakini ndiyo iliyomo kwenye mkataba.

Ndiyo maana mauziano hayaanzi na bei. Yanaanza na kiasi halisi cha kumaliza deni. Muuzaji anaingia kwenye akaunti yake ya MySBA, au anawasiliana na kituo kinachosimamia mkopo wake, na kuomba barua inayotaja kiasi kamili cha kumaliza deni hadi tarehe fulani. Tarehe ni muhimu kwa sababu ya zile dola 15 za kila siku. Mauziano yakichelewa wiki mbili, kiasi kinaongezeka kwa zaidi ya dola 200. Hakuna faini ya kulipa mapema. Na mnunuzi asikubali picha ya skrini ya simu badala ya barua. Picha huonyesha salio la siku fulani, na haimfungi mtu kwa lolote.

Mkataba unasemaje kuhusu kuuza

Ni wachache walioisoma ile hati ndefu iliyosainiwa kwenye intaneti usiku wa 2020, watu wakihofia fedha zitaisha. Ndani yake kuna makatazo matatu yanayohusu habari hii. La kwanza, mkopaji haruhusiwi kuuza au kuhamisha mali iliyowekwa rehani bila ridhaa ya SBA iliyoandikwa kabla, isipokuwa bidhaa zinazouzwa kila siku kwa wateja. Unga, mchele na dagaa uza. Jokofu na mashine ya kusagia, hapana. La pili, biashara ikibadilisha umiliki au muundo wake bila ridhaa hiyo, mkopo unahesabika kuwa umevunjwa, na serikali inaweza kudai fedha zote kwa mara moja. La tatu linasahaulika sana: mkopaji asigawe mali ya biashara kwa wenyewe bila ridhaa. Kwa hiyo muuzaji anayepokea bei ya duka na kuipeleka moja kwa moja kwenye akaunti yake, au kwenye ujenzi wake Kigamboni, kabla ya kumaliza deni, amevunja mkataba hata kama anakusudia kuendelea kulipa.

Neno linalorudiwa kote humo ni kuandikwa. Ridhaa ya mdomo ya mfanyakazi aliyepokea simu, hata awe mpole vipi na hata ukiandika jina lake, haitakusaidia.

Angalia rehani kabla ya kutoa shilingi

Mnunuzi ana kazi moja ambayo haigharimu chochote au inagharimu dola chache, na inashangaza jinsi inavyorukwa. Kila jimbo lina daftari la rehani za mali zinazohamishika, kwa kawaida katika ofisi ya Katibu wa Jimbo, na mengi yanatafutika kwenye intaneti. Serikali ilipotoa mkopo wa zaidi ya dola 25,000, iliandikisha fomu iitwayo UCC-1 kwenye daftari hilo, na ndiyo maana wengi waliokopa 150,000 waliona zimeingia 149,900: dola 100 zilikuwa ada ya kuandikisha. Andika jina la biashara, soma kinachotokea. Ukiona jina la SBA, umeshaujua ukweli kabla ya kusimuliwa.

Majina yetu yana matatizo yake. Daftari hutafuta jina hasa lilivyosajiliwa. Kampuni inayojulikana mtaani kwa jina la ubao wa dukani inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina jingine kabisa. Na kama mkopaji ni mtu binafsi, jina linalohesabika katika majimbo mengi ni lile la kwenye leseni yake ya udereva. Mtu wa kwetu ana majina matatu au manne, na aliyeingia kama mkimbizi anaweza kuwa na jina la babu kwenye nafasi ya jina la mwisho. Tafuta kila mpangilio: jina la kwanza mbele, la mwisho mbele, lenye herufi moja pungufu. Tafuta pia jimbo alikokuwa zamani, kama alianzia biashara Ohio akahamia Texas.

Usidanganyike na umri wa rehani. Uandikishaji wa UCC-1 hudumu miaka mitano, na mdai anaweza kuuhuisha katika miezi sita ya mwisho. Yuko atakayekuambia kwamba ya 2020 imeshakufa. Huenda ilihuishwa. Hata kama haikuhuishwa, deni liko hai, na makatazo ya mkataba yako hai.

Malori na magari yana utaratibu wa peke yake, kwani rehani ya gari huandikwa kwenye hati yake ya umiliki. Mnunuzi aitazame hati hiyo, lakini akumbuke kwamba hati safi haimfungulii muuzaji: mkataba bado unamkataza kuuza vifaa vya biashara kimyakimya.

Njia iliyonyooka

Njia inayofanya kazi, na ambayo SBA huitarajia biashara inapouzwa, ni deni kulipwa kutoka kwenye bei ya mauzo siku ile ile ya kukabidhiana. Si mnunuzi kumpa muuzaji fedha akalipe kesho. Fedha zinapitia kwa mtu wa kati, ama wakili, ama kampuni inayosimamia mauziano, ambaye anashikilia bei yote mpaka masharti yatimie. Siku hiyo yeye anaituma SBA kiasi kilichotajwa kwenye barua, analipa madai mengine yanayojulikana, na kinachobaki ndicho cha muuzaji. Tuseme duka limeuzwa dola 190,000 na barua inasema 154,900. Muuzaji anaondoka na chini ya dola 35,000 baada ya gharama, na ni bora alijue hilo wiki sita kabla kuliko siku yenyewe, akiwa ameshakata tiketi ya familia nzima.

Deni likishalipwa, kazi haijaisha. Rehani haijifuti daftarini. Serikali inatakiwa kuandikisha fomu ya kuifuta, UCC-3, na sheria inampa mdaiwa aliyemaliza deni haki ya kuidai kwa maandishi, nayo iwasilishwe ndani ya siku 20. Peleka barua hiyo, weka nakala, kisha rudi daftarini uone kwa macho yako. Kuna watu wamemaliza deni kabisa, halafu benki ikawanyima mkopo mwaka uliofuata kwa sababu jina la serikali bado linaonekana juu ya mali yao. Mnunuzi ndiye anayeumia zaidi hapa, basi na liandikwe kwenye mkataba wa mauzo kwamba sehemu ya fedha itabaki kwa mtu wa kati mpaka ufutaji uonekane.

Mnunuzi akitaka kuuchukua mkopo

Swali linalorudi kila mara: haiwezekani kabisa mnunuzi akaandikishwa kuwa mdaiwa mpya? SBA ina mamlaka ya kuridhia jambo hilo, lakini si haki ya mtu yeyote, na anayeomba ajiandae kusikia hapana. Serikali ilimkopesha mtu fulani kwa hasara iliyompata yeye. Haina sababu ya kumrithisha mgeni masharti yale mepesi, isipokuwa ikiona kwamba bila hivyo deni litapotea.

Anayetaka kujaribu aanze mapema, miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mauziano, na aandike kupitia kituo kinachosimamia mkopo husika. Mikopo ya korona ina kituo chake. Ile ya maafa ya kawaida husimamiwa na vituo vya Birmingham, Alabama, na El Paso, Texas. Ombi linatoka kwa mkopaji, si kwa mnunuzi, kwa sababu ndiye anayejulikana. Ndani yake weka barua inayoeleza kwa nini biashara inauzwa na nani ananunua, rasimu ya mkataba wa mauzo, hati za usajili za kampuni ya mnunuzi, vitambulisho, taarifa ya mali na madeni yake binafsi, rekodi zake za kodi, na uthibitisho wa bima ya mali iliyowekwa rehani. Malipo ya mkopo yawe hayajachelewa. Ombi linaloambatana na miezi minne ya malipo yaliyorukwa limejikataa lenyewe.

Wakikubali, soma kwa makini sana kilichokubaliwa. Kukubali mnunuzi aongezwe si sawa na kukubali muuzaji aachiliwe. Mara nyingi serikali hupenda kuwa na wawili wa kudai badala ya mmoja. Kama barua haisemi waziwazi kwamba mkopaji wa kwanza na waliotoa dhamana wameachiliwa, basi hawajaachiliwa, na muuzaji aliyeko Mombasa anakula pensheni bado anategemea uaminifu wa mtu aliyeko Dallas.

Wengine hujaribu kupita pembeni kwa kuuza kampuni nzima badala ya vifaa. Wanasema LLC ndiyo iliyokopa, LLC bado ipo, wenye hisa tu ndio waliobadilika. Ni kweli kwamba deni linabaki ndani ya kampuni, na kwa namna hiyo mnunuzi amelibeba. Lakini kubadilisha umiliki bila ridhaa ni lile lile katazo la pili. Isitoshe, mnunuzi wa kampuni nzima ananunua na visivyoonekana: kodi ya mauzo isiyolipwa, kesi ya mfanyakazi wa zamani, na madai kuhusu jinsi fedha za mkopo zilivyotumika. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayowapa waendesha mashtaka miaka 10 kufuatilia udanganyifu katika mikopo ya EIDL. Anayenunua LLC ya mtu mwingine leo ajiulize kama yuko tayari kufungua faili la mwaka 2020 na kueleza dola zilikwenda wapi.

Na ile njia ya kutumiana 731 kila mwezi? Kulipa hakukufanyi kuwa mkopaji, hata ukilipa miaka 20. Ukilipia kwa neno la siri la muuzaji na kujibu barua za serikali kana kwamba ni yeye, umeingia kwenye kosa jingine, la kutoa taarifa za uongo kwa serikali kuu.

Bei ikiwa ndogo kuliko deni

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowasukuma watu kwenye karatasi za mashahidi wawili. Duka lina thamani ya dola 90,000, deni ni 154,000. Nani atanunua?

Hapa usiuze kwanza ndipo uombe. SBA inaweza kuridhia kuachia rehani ili mali iuzwe kwa thamani yake halisi, fedha zote zikielekezwa kwenye deni, lakini itataka ushahidi kwamba bei ni ya haki: tathmini ya mtu asiye na upande, orodha ya vifaa na umri wake, matangazo ya kuuza, ofa zilizopatikana. Bei ya kumuuzia shemeji itatazamwa kwa jicho kali. Mnunuzi anapata mali safi. Muuzaji hapati kitu mkononi, na salio linabaki kwa mkopaji. Kama mkopaji ni LLC isiyo na dhamana binafsi, salio linabaki kwa kampuni ambayo haina kitu tena. Kama mkopaji ni wewe mwenyewe au ulitia saini dhamana, salio ni lako. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ada ya wakili ya saa mbili kuwa fedha iliyotumika vizuri, na ninapendekeza wakili wa madeni ya biashara, sio yule aliyekusaidia karatasi za uhamiaji.

Mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki ana kikwazo cha ziada, kwa kuwa benki hutaka rehani yake iwe ya kwanza. Ama deni la zamani limalizwe, ama SBA ikubali kwa maandishi kusogea nyuma ya benki. Na wasio raia waulize benki mapema, kwa sababu masharti ya uraia na ukaazi kwa mikopo ya benki yenye dhamana ya SBA yalikazwa mwaka 2025.

Kifo, talaka na mshirika anayejitoa

Mwenye biashara akifariki, mkopo wa kampuni haufi naye. Kama alikopa kwa jina lake, deni ni la mirathi yake, na msimamizi wa mirathi anapaswa kuijulisha SBA akiwa na cheti cha kifo na hati ya mahakama kabla ya kugawa au kuuza chochote. Ndugu walioko Bukoba au Bukavu ambao hawakutia saini hawadaiwi mifukoni mwao. Lakini mtoto anayeendelea kuendesha duka la marehemu baba kimya kimya, akitumia akaunti ya marehemu, anajitafutia balaa. Wanandoa wanaoachana wajue pia kwamba hakimu akimwagiza mmoja alipe, agizo hilo ni baina yao. Saini ya mwenzake kwenye dhamana haifutiki kwa talaka. Vivyo hivyo kwa mshirika mwenye asilimia 30 anayeuza sehemu yake: aombe ridhaa, na aombe kuachiliwa, yote mawili.

Deni likiachwa

Marekani haimfungi mtu kwa kushindwa kulipa deni, na hilo huwafanya wengine waone kwamba kurudi nyumbani ni kumaliza habari. Deni la serikali kuu lililochelewa siku 120 hupelekwa Wizara ya Fedha kwa ukusanyaji. Huko huongezewa ada inayoweza kukaribia theluthi moja ya deni, hupewa kampuni za kudai, na fedha zozote ambazo serikali ingekulipa zinaweza kukatwa: marejesho ya kodi kila mwaka, na hata sehemu ya pensheni ya Social Security. Mtu aliyechangia pensheni hiyo kwa miaka 25 ya usiku kwenye nyumba za wazee asikubali kuiweka rehani kwa ahadi ya mdomo ya mnunuzi.

Matapeli nao wameliona soko. Wanatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba wanaweza kuhamisha mkopo au kuufuta kwa dola 3,000. Hawana uwezo huo. SBA haitozi ada ya kupokea ombi la kubadilisha umiliki, na barua pepe zake za kweli hutoka kwenye anuani inayoishia na sba.gov. Anayekuomba namba yako ya mkopo, neno la siri na ada kwa kadi za zawadi ni mwizi.

Kuna mambo madogo ya pembeni, nayataja kwa haraka. Mnunuzi afungue namba yake ya kodi, asirithi ya muuzaji. Katika Texas, mnunuzi wa biashara anapaswa kuzuia sehemu ya bei mpaka muuzaji alete cheti cha jimbo kwamba hana kodi anayodaiwa, la sivyo deni la kodi linaweza kumwangukia yeye. Majimbo mengine yana sheria zinazofanana. Mkataba wa pango la jengo nao unahitaji ridhaa ya mwenye jengo.

Kama mko katikati ya mazungumzo sasa hivi, simamisheni malipo yoyote ya mkononi mpaka vitu viwili viwe mezani: barua ya SBA yenye kiasi cha kumaliza deni, na karatasi ya daftari la rehani la jimbo. Na kama mlishauziana zamani kwa kupeana mikono, msisubiri mwezi ambao mmoja wenu atashindwa kulipa. Nendeni kwa wakili pamoja, mkiwa bado mnaongea, mkaiandikie SBA.